Glukosi ya pakiti: nani anaihitaji, kwa kipimo gani, na nani aachane nayo

Glukosi ya unga haikosekani dukani. Hukaa rafu moja na maziwa ya unga na majani ya chai, na wanunuzi wake ni wa kila aina: anayekwenda kumwona mgonjwa, mama mjamzito, mzazi wa mtoto anayekaribia mtihani, kocha wa timu ya mtaa, mfungaji anayejiandaa kwa futari, hata mfugaji aliyepokea vifaranga asubuhi hiyo na anataka kuwawekea kwenye maji ya siku ya kwanza. Wengi wao wangeweza kurudi nyumbani bila hiyo pakiti na wasipungukiwe na kitu. Anayeihitaji kwelikweli ni mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini, na huyo ndiye jirani zake wanayemwambia asiiguse kabisa.

Mwongozo huu unapanga mambo kwa kazi. Jua kwanza unaitaka glukosi kwa kazi ipi, kisha upime, kwa sababu kipimo cha mtu aliyeshuka sukari hakifanani na cha mkimbiaji, na kwa mtoto anayeharisha pakiti hii si jibu kabisa.

Kilichomo ndani ya pakiti

Geuza pakiti usome orodha ya viambato. Mara nyingi utakuta neno "dextrose", au "dextrose monohydrate". Hiyo ndiyo glukosi yenyewe, ila kila punje imebeba maji kidogo, takriban asilimia 9 ya uzito wake. Viwandani hutengenezwa kutokana na wanga wa mahindi, muhogo au ngano: wanga ni glukosi nyingi zilizofungwa pamoja kama mnyororo, na kiwanda kinaukata mnyororo huo. Mkemia Kirchhoff aliifanya kazi hiyo mwaka 1811 huko St. Petersburg kwa kuchemsha wanga na asidi. Tumbo lako linafanya jambo lilelile kila unapokula ugali, polepole tu.

Baadhi ya pakiti huongezewa vitamini C, vitamini D au kalsiamu, na nyingine ladha ya chungwa au ndimu. Nyongeza hizo ni kidogo na hazigeuzi glukosi kuwa dawa. Ukikuta sukari ya kawaida imetajwa mwanzoni mwa orodha, hicho ni kinywaji cha unga tu, irudishe.

Ulimi nao unatambua. Weka punje chache katikati ya ulimi, ufunge mdomo. Glukosi hupoza: inapoyeyuka inavuta joto kutoka mdomoni, na utahisi kaubaridi kabla utamu haujafika vizuri. Utamu wenyewe ni hafifu, kama robo tatu ya ule wa sukari ya mezani. Hapo ndipo watu wanapozidisha, kwa sababu wanaongeza kijiko baada ya kijiko wakitafuta utamu wa chai.

Sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi (sukari ya matunda) zilizoshikana, na utumbo mdogo huzitenganisha haraka. Kwa hiyo karibu kila kazi ya glukosi ya pakiti inaweza kufanywa na sukari iliyomo kabatini kwa bei ndogo zaidi. Kazi isiyowezekana ipo, tutaifikia.

Kupima bila mzani

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba takriban gramu 3 hadi 4 za unga wa glukosi. Kijiko cha mezani kilichosawazishwa hubeba kama gramu 10. Kijiko cha mlima hakina kipimo: mmoja anachota gramu 5, mwingine 8. Kama una mzani wa jikoni, pima mara moja, ujue kijiko chako kinabeba ngapi, kisha ukitenge kwa kazi hiyo.

Ili uone uzito wa jambo hili, chukua mtu mzima mwenye afya ambaye hajala tangu usiku. Ana damu ya takriban lita 5, na glukosi iliyomo ndani ya damu yote hiyo haizidi sana gramu 5. Ni kijiko kimoja na nusu hivi cha unga huo. Mwili unailinda hesabu hiyo kwa nguvu zote, ukiongozwa na kongosho na ini. Anayebwaga vijiko sita kwenye glasi na kuinywa kwa mkupuo ameingiza mara nne ya kilichomo kwenye damu yake. Mwenye afya atamudu. Mwenye kisukari asichokijua hatamudu.

Kazi ya kwanza: sukari iliyoshuka

Hapa ndipo glukosi inapookoa maisha, basi tukae kidogo.

Walio hatarini ni wanaochoma insulini na wanaomeza vidonge vya kisukari vya kundi la glibenklamidi na gliklazidi, hasa wakiruka mlo, wakifanya kazi nzito kuliko kawaida, au wakinywa pombe tumbo likiwa tupu. Mtoto mwenye malaria kali naye sukari yake huweza kushuka, na kwinini huizidisha hatari hiyo. Dalili huja ghafla: kutetemeka mikono, jasho jembamba la baridi, njaa kali isiyo ya kawaida, moyo kwenda mbio, hasira zisizo na sababu. Ikiendelea, mtu anachanganyikiwa, anaongea kama mlevi, anaanguka. Wengi wamedhaniwa wamelewa kweli, wakaachwa wamekaa kwenye benchi la kituo cha daladala mpaka wakazimia.

Fanya hivi:

1. Kama mashine ya kupimia sukari iko karibu, pima. Chini ya 3.9 mmol/L (kizio cha sukari ya damu kinachoonyeshwa na mashine), sukari imeshuka. Kama mashine haipo na dalili zipo, usipoteze muda kuitafuta, tibu kwanza.

2. Mpe gramu 15 za glukosi. Kwa unga wa pakiti ni kama vijiko 5 vya chai vya kusawazisha, vikorogwe kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote. Hakuna glukosi? Vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, au kijiko kimoja cha mezani cha asali. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Chokoleti na maandazi yana mafuta, na mafuta huchelewesha, viache kwanza.

3. Subiri dakika 15 kwa saa, usikadirie. Hapa ndipo watu hukosea sana: mgonjwa bado anatetemeka dakika ya tano, ndugu wanaongeza glasi ya pili na ya tatu, na saa moja baadaye sukari imepaa hadi 18.

4. Pima tena, au angalia dalili. Bado iko chini ya 3.9? Rudia gramu 15 nyingine na dakika 15 nyingine.

5. Ikishapanda, ale chakula chenye wanga kama mlo unaofuata uko mbali: kipande cha mkate, ndizi, uji. Glukosi hupanda haraka na huisha haraka.

Kwa mtoto hesabu hufuata uzito, takriban gramu 0.3 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 anahitaji gramu 6, yaani vijiko 2 vya chai vya kusawazisha.

Aliyezimia au asiyeweza kumeza usimtie chochote mdomoni, si glukosi, si maji, si asali kwa kulazimisha. Kitaingia kwenye njia ya hewa. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali. Usimchome insulini. Na aliyeshushwa na vidonge, hata akiamka vizuri, apelekwe akaangaliwe, maana vidonge hivyo hukaa mwilini saa nyingi na sukari huweza kushuka tena usiku wakati watu wamelala.

Sasa ile kazi ambayo sukari ya mezani haiwezi. Anayetumia akabosi, dawa inayochelewesha uvunjaji wa sukari utumboni, akinywa maji ya sukari au soda hatapata nafuu kwa wakati, kwa sababu dawa yake ndiyo inayozuia sukari hiyo kuvunjwa. Glukosi haihitaji kuvunjwa. Huyo lazima atembee nayo.

Mwenye kisukari anayefunga Ramadhani, mashine ikionyesha chini ya 3.9 mchana, afungue hapohapo. Kusema "imebaki saa moja tu" ni kucheza na ubongo. Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku na hauna ghala lake la kuiweka.

Kwa matembezi, pima gramu 15, zitie kwenye kichupa kidogo kikavu chenye mfuniko imara, andika juu yake "gramu 15, sukari ikishuka", kikae kwenye mkoba. Waonyeshe unaokaa nao. Mtu aliyeshuka sukari hawezi kutoa maelekezo.

Kuharisha: hapa pakiti inapotosha

Mtoto anaharisha, amelegea, mtu anakimbilia dukani kununua glukosi "arudishe nguvu". Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Maji yenye glukosi nyingi bila chumvi yakifika utumboni huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na choo kinazidi kuwa majimaji.

Ajabu ni kwamba glukosi hiyohiyo, ikipimwa na kuunganishwa na chumvi, ndiyo tiba. Ukuta wa utumbo mdogo una vibebeo vinavyopokea glukosi na chumvi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma. Kipindupindu kinaharibu njia nyingine za kunyonya chumvi lakini mlango huu huuacha wazi. Mwaka 1971, kambi za wakimbizi za Bangaon nchini India zilipozidiwa na kipindupindu na dripu kuisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa glukosi, chumvi na magadi ya kuokea. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS, unga wa chumvi na glukosi wa kumrudishia anayeharisha maji, unayopewa zahanati leo ni mtoto wa uamuzi ule.

Ndani ya ORS ya sasa, kwa lita moja, mna gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti. Glukosi ilikuwa gramu 20 zamani, ikapunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu kiasi kidogo kilionekana kufanya kazi vizuri zaidi. Basi usiongeze kijiko cha glukosi wala sukari kwenye ORS ili mtoto aipende. Unaiharibu.

Soma pakiti uone ni ya lita moja au ya nusu lita, maana zipo zote. Tumia maji safi ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa. Koroga mpaka yawe maangavu. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200, kwa vijiko au kwa kikombe akinywa kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena taratibu. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki ipewe pamoja: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6.

Usiku ORS haipatikani? Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Asubuhi nenda zahanati. Macho yakizama, mtoto akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, usingoje asubuhi.

Michezo

Pale uwanjani utaona wachezaji wakilamba unga mkavu kiganjani wakati wa mapumziko. Mdomo unakauka, kiu inapanda, na nusu ya unga inabaki kwenye jezi. Mazoezi ya chini ya saa moja hayahitaji glukosi kabisa kwa mtu aliyekula vizuri, maji yanatosha.

Kwa mbio ndefu, baiskeli au mechi ya dakika 90 kwenye jua, lenga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Njia rahisi ni chupa ya nusu lita, vijiko 3 vya mezani vya kusawazisha na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Huo ni mchanganyiko wa asilimia 6 hivi, tumbo linaupitisha bila shida. Ukikoleza zaidi maji yanakaa tumboni, unakimbia huku yanacheza. Anza kunywa muda wa kuanza mchezo, kisha mafunda machache kila dakika 15 hadi 20. Kuinywa nusu saa au dakika 45 kabla huwaletea baadhi ya watu kizunguzungu dakika za mwanzo, kwa sababu insulini iliyopandishwa na glukosi inakutana na misuli iliyoanza kuivuta sukari yenyewe.

Utumbo nao hufundishwa. Jaribu mchanganyiko wako mazoezini wiki kadhaa, usiuanze siku ya mashindano. Eliud Kipchoge alipovunja rekodi Berlin mwaka 2018 kwa saa 2:01:39, chupa zake zilikuwa zimepangwa kila baada ya kilomita chache, na mtu maalumu wa kumkabidhi. Kwa daraja hilo huchanganya wanga wa aina mbili au tatu wafike gramu 90 kwa saa. Wewe wa kilomita 10 Jumapili asubuhi huna haja huko.

Mgonjwa, mjamzito, mtoto mchanga

Kumpelekea mgonjwa glukosi ni heshima ya kwetu, na sina ugomvi nayo. Lakini mgonjwa asiyekula kwa siku tatu anahitaji uji wenye karanga au maziwa, supu, yai, matunda. Glukosi haina protini, haina madini chuma, haina mafuta. Haiongezi damu. Anayeambiwa damu imepungua atafute sababu na apewe madini chuma au dawa inayostahili.

Na dripu ya glukosi ambayo watu huiomba kwa sauti wakiwa wamechoka? Chupa ya mililita 500 ya asilimia 5 ina gramu 25 za glukosi, kalori zisizofika 100. Ndizi mbivu moja ya wastani inakaribia hapo, na hakuna anayechomwa sindano kwa ajili ya ndizi. Dripu ni ya asiyeweza kunywa au ambaye daktari ameona sababu.

Mama aliye kwenye uchungu na ambaye wakunga hawajamzuia kula, chai yenye sukari, uji au maji ya glukosi vyote vinafaa. Ni suala la anachotamani na kinachokaa tumboni. Mtoto akizaliwa asipewe maji ya glukosi. Maziwa ya kwanza yale ya njano yanamtosha, na miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, isipokuwa hospitali iwe imepima sukari yake na kuamua vingine. Mtoto anayekimbizwa hospitali kwa homa kali na bado anameza, mnyonyeshe njiani, au kama hanyonyi mpe mililita 30 hadi 50 za maji ya sukari: vijiko 4 vya chai kwenye kikombe cha mililita 200.

Wafungaji wa pwani wana tende, ambazo utamu wake karibu wote ni glukosi na fruktosi, pamoja na nyuzinyuzi. Tende tatu na maji, kisha futari. Pakiti haina la kuongeza hapo.

Nani aiache

Uchovu usioisha ndio unaouza glukosi nyingi, na ndio unaonitia wasiwasi kuliko wote. Mtu anachoka, ana kiu, anaamka usiku mara kwa mara kukojoa, anapungua mwili huku anakula. Anashauriwa anywe glukosi. Hizo ni dalili za kisukari, na kila glasi inamsogeza karibu na kulazwa. Mwenye dalili hizo apime kwanza: 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, au 11.1 na zaidi wakati wowote, aende kliniki siku hiyohiyo. Kipimo hicho hakichukui muda kwenye zahanati.

Anayetaka kupunguza uzito aiache. Mtoto wa shule naye. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu za chakula cha siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima, na glukosi imo kwenye hesabu hiyo. Anayeilamba kutwa nzima meno yatatoboka. Bakteria wa mdomoni hawabagui sukari ya dukani na ya duka la dawa.

Kipimo cha kliniki, na kuhifadhi

Mjamzito wa wiki 24 hadi 28 anaweza kutakiwa kunywa glukosi maabara, kwa kipimo cha kisukari cha ujauzito. Ni gramu 75 kwenye maji ya mililita 250 hadi 300, anywe ndani ya dakika 5, akiwa hajala tangu usiku. Wakikutuma ukanunue unga mwenyewe, waulize watapima aina gani: gramu 75 zinahesabiwa bila maji, na kwa ile ya "monohydrate" ni gramu 82.5. Kijiko cha kukadiria hakina nafasi hapo. Kichefuchefu ni kawaida. Ukitapika, waambie, kipimo hurudiwa siku nyingine.

Nyumbani glukosi huvuta unyevu, hasa Tanga, Mombasa au Unguja msimu wa mvua. Hamishia kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana, chota kwa kijiko kikavu, usiiweke juu ya jiko. Mabonge laini yanayovunjika kwa vidole hayana shida. Ikigeuka jiwe, ikibadilika rangi au ikiwa na sisimizi ndani, tupa. Ile ya kupimiwa kwenye vifuko visivyo na jina usiinunue kwa ajili ya mgonjwa wa kisukari, huwezi kujua imechanganywa na nini. Na kile kichupa cha mkobani kiangalie kila mwezi, unga ukiwa umeshikamana chini badilisha.